Utani Usio Wangu

Kwihara, Tabora
Jumapili, 10 Oktoba 1982

Mdogo wangu mpendwa Josepha,

Shikamoo yako naijua. Huitoa hata ukiwa umekasirika. Basi nimeipokea kabla hujaiandika: marahaba. Nakutakia heri wewe, shemeji Damas na wote wa nyumbani. Je, kidonda kimefunga sawasawa? Mkono wa kushoto unainuka, au bado unakuuma unapojitwisha ndoo? Sisi huku ni wazima. Wifi yako analalamikia magoti, na karanga za mbegu tumezihifadhi tukingoja mvua. Sukari tumeipata mara moja tangu Agosti. Sabuni hatujaiona.

Barua ya Damas ya tarehe 3 ilinifikia Jumatano kwa mkono wa gadi wa treni. Ameniarifu kwamba umekataa kwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi, ingawa nafasi yako ni Jumatatu tarehe 25 mwezi huu, na daktari alisema mbele yetu sote kwamba mionzi hiyo haiwezi kungoja mwakani. Ameniarifu na sababu. Unasema hutalala katika nyumba ya dada yake Pazi, yule mfunga vidonda wa wodini, kule Magomeni, kwa kuwa Pazi ndiye aliyeyatoa nje maneno yenu ya wodini hata yakaghaniwa uwanjani, na kwamba mtu anayeuza utani wa mgonjwa atauza hata maiti yake. Damas hana ndugu mwingine Dar es Salaam, wala mimi sina. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nakuomba usome hadi mwisho, hata kama utanichoka katikati.

Uliondoka uwanjani kabla shughuli haijaisha, nami sikukufuata. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati ile na nilijua mambo ambayo ninyi wagonjwa hamkuambiwa.

Kamati ya Wiki ya Afya iliundwa mwezi wa Julai. Mwenyekiti wake, Bwana Yoramu, si mtu mbaya. Mama yake mdogo alificha uvimbe wa titi kwa miaka miwili kwa sababu ya aibu, akafa akiwa ameoza upande mmoja, na Yoramu ndiye aliyemuuguza. Tangu hapo anaamini kwamba wanawake wasipotishwa hawatakwenda kupimwa. Kila aliyependekeza jambo la upole katika kikao alijibiwa kwamba upole ndio uliomuua mama yake mdogo. Nani angebishana naye? Hivyo likaandikwa lile bango la kitambaa mliloketi chini yake: MWANAMKE MAKINI HUJIPIMA, MZEMBE HUKATWA. Hivyo pia mkaandikiwa barua kwamba mje kuonana na daktari mgeni. Daktari hakuwapo. Kamati iliogopa kwamba mkijua mnakwenda kukalishwa mbele ya watu hamtakuja. Barua zile niliziandika mimi kwa mashine ya ofisi, na nilijua kwamba zinadanganya. Nilijiambia kwamba zinadanganya kwa wema.

Ulivumilia bango. Ulivumilia hotuba. Wanafunzi walipofika katika ubeti wa nne wa ngonjera yao, nilikuona ukiinuka na kujifunga khanga upya. Ubeti huo ulianza hivi:

Mpagazi kazembea, furushi moja katupa,
Upande aelemea, kama mlevi wa pipa.

Watu walicheka, na wewe ukapita katikati ya kicheko chao hadi barabarani. Baadaye nikaambiwa kwamba ulipanda treni ya Mwanza siku ileile, ukashuka kwenu Bukene bila kumuaga mtu.

Sasa sikiliza ambayo hukuyaona. Baada ya ngonjera wagonjwa waliitwa jukwaani mmoja mmoja, kwa jina na kijiji, kwenye kipaza sauti, wapewe zawadi. Unamkumbuka Manjula, mke wa Mansukh mwenye duka la vitambaa, aliyelala kitanda cha pili kutoka chako? Alipewa bahasha, akaifungua palepale. Ndani mlikuwa na sidiria mpya. Kamati ilihangaika sana kuzipata, maana unajua hali ya maduka ilivyo, na kila mjumbe alijisifu kwa kuzipata. Manjula aliitazama, akaikunja vizuri kwa kuwa ni mtu wa vitambaa, akamrudishia Bwana Yoramu. Akasema, na kipaza sauti kikayachukua maneno yake hadi kwa wauza miwa, "Mimi nipeni nusu. Nusu nyingine avae mwenyekiti."

Watu walicheka tena, lakini safari hii walicheka kwa kuangalia chini. Manjula mwenyewe hakucheka. Wengine waliokuwa wamekwisha kuzipokea waliziweka juu ya viti na kuondoka.

Jumanne iliyofuata walikuja ofisini wanawake sita. Manjula aliongoza, na pamoja naye Apolinaria wa Nzega, yule mrefu aliyekuwa akikusuka wodini. Bwana Yoramu aliwakaribisha kwa heshima na kuwaeleza kwamba lengo la wiki ile lilikuwa kuelimisha umma. Apolinaria, ambaye mpaka siku ile sikumjua kuwa msemaji, alimuuliza, "Na sisi je, tumekwisha kutolewa katika umma?" Mwenyekiti alitafuta jibu katika karatasi zake.

Kisha Apolinaria akaeleza uzembe wake. Alikwenda zahanati ya kijijini kwao mwezi uleule alipoushika uvimbe. Akapewa aspirini. Akarudi, akaambiwa ni maziwa yamelala, ingawa mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la tatu. Mara ya tatu alikuta mlango umefungwa, mhudumu amekwenda kufuata dawa mjini. Alisema kila safari alitembea tangu alfajiri hadi jua la utosi. Aliuliza kama bango lile lingeweza kuandikwa upya na kutundikwa pale zahanati, mhudumu alisome. Manjula naye alisema kwamba alikwenda kwa daktari wiki ileile, kwa gari la mumewe, na bado alikatwa. Ugonjwa huu, alisema, haumuulizi mtu kama ni makini.

Walitaka nini? Ninalo daftari la kumbukumbu hapa mezani, nami nakunakilia. Walitaka hati za treni za kwenda Dar es Salaam zitolewe mapema, siyo siku ya safari. Walitaka mahali pa kulala kwa wale wasio na ndugu huko. Walitaka pamba na kitambaa laini cha kujazia blauzi, ili nguo ikae sawa mtu aendapo kanisani au sokoni. Mmoja, ambaye jina lake sitaliandika, aliomba mtu mzima akazungumze na mumewe, kwa kuwa tangu arudi nyumbani hajakaa naye meza moja. Hapakuwa na aliyeomba wimbo.

Mwisho Manjula akauliza ni nani aliyetunga ubeti wa nne. Bwana Yoramu alijibu kwamba ngonjera ilitoka juu. Nami nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Mwenyekiti alieleza kwamba ngonjera ilitoka juu."

Hawakuridhika. Mmoja wao alikumbuka kwamba maneno ya mpagazi na mzigo aliwahi kuyasikia wodini kutoka kwa mfunga vidonda, Pazi. Pazi akaitwa. Alikuja na aproni yake, akasimama mlangoni, akaulizwa kama maneno yale ni yake. Alinitazama kwa muda mfupi tu. Akasema, "Utani ule ni wangu." Tangu siku hiyo wagonjwa wa wodi ya wanawake hawamruhusu kuwafunga vidonda. Sasa anaosha chupa katika chumba cha nyuma, mtu ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono yote katika wodi ile.

Josepha, Pazi hakuuza kitu. Ngonjera ile niliitunga mimi.

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa. Ilikuwa siku ya tano baada ya upasuaji wako. Nilikuja na chupa ya uji, nikasimama mlangoni nyuma ya lile pazia la kijani, kwa kuwa Pazi alikuwa anakufunga kidonda na sikutaka kukuona ukiwa wazi. Nikamsikia akikuambia, "Dada wa Kinyamwezi, babu zako walibeba mizigo hadi pwani wala hawakuangusha hata ushanga. Wewe mmoja umekwisha kuutupa njiani. Angalia usije ukaenda upande kama kaa." Nilidhani utalia. Nawe ukamjibu, "Babu zangu walipopita kwenu Uzaramo mliwatoza hongo ya nguo na shanga. Mimi mmenitoza titi. Mzaramo hashibi." Ukacheka. Ulicheka mpaka ukaomba akushike bega kwa sababu ya maumivu. Tangu uliposikia jina la ugonjwa wako sikuwa nimekusikia ukicheka. Nilisimama pale mpaka uji ukapoa. Pazi alipotoka alinikuta, akajua kwamba nimesikia. Wewe hukujua.

Kamati iliponiomba ngonjera, nilikumbuka kicheko kile. Niliona kwamba nimepata dawa, na dawa hugawiwa watu wote. Nilipima mizani mara tatu. Wanafunzi niliwafundisha mwenyewe, nikawasahihisha palipohitaji pumzi na palipohitaji kituo. Maneno yenyewe sikuyahoji hata mara moja. Na lile neno la uzembe Pazi hakulisema kamwe. Hilo nililiongeza mimi, kwa kuwa nilihitaji kina, na kwa kuwa lilikuwa kwenye bango.

Mimi ni Mnyamwezi, nimezaliwa kando ya njia ya misafara, na utani nimeurithi pamoja na jina. Nilipaswa kujua. Mzaramo anapokuambia maneno yale, amejitwisha pia wajibu wa kukuosha na kukuzika. Ana haki ya kucheka kwa sababu siku yenyewe ikifika hataruhusiwa kukimbia. Nawe una haki ya kumrudishia. Mtoto wa darasa la sita aliye jukwaani hana wajibu huo kwako, na kipaza sauti hakijibiwi. Nilichukua kitu kilichokuwa katika kinywa cha mtu mmoja kwa ajili ya sikio la mtu mmoja, nikakiweka katika vinywa arobaini. Kilipofika kwako kilikuwa tusi.

Kwa nini nilinyamaza Jumanne ile? Niliogopa. Miaka thelathini na minane niliwachapa watoto wa watu kwa kosa la kusema uongo, na mbele ya wanawake sita sikuweza kufungua kinywa. Baada ya kikao nilimfuata Pazi hadi kwenye bomba la maji, nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mwalimu, mtani huzika hata asiyempenda, na lawama ni mzigo mdogo kuliko maiti. Lakini dada yako akikosa treni kwa ajili yako, hilo sitakubebea."

Nilikaa na maneno hayo kwa siku kadhaa bila kufanya lolote. Hata hilo nakuungamia. Ndipo ikaja barua ya Damas.

Jana nilikwenda dukani kwa Mansukh. Manjula alikuwa peke yake anapima kaniki. Nilimwambia kwamba mtunzi ni mimi, tena kwamba hakuna kilichotoka juu. Aliendelea kupima mpaka mwisho wa jora, akakata, akaweka mkasi chini. Kisha akaniuliza yule mwanamke aliyeondoka kabla ya zawadi ni nani kwangu. Nikamwambia ni dada yangu wa tumbo moja. Akasema nisimwombe yeye msamaha kabla sijakuandikia wewe, na kwamba nisipoteze karatasi kujieleza mno. Kwa hilo la pili naona nimemkosea tena.

Keshokutwa, Jumanne, nitaingia wodi ya wanawake pamoja na Pazi. Nitasoma kumbukumbu za kikao zikiwa zimesahihishwa, na jina langu mahali pake. Bwana Yoramu ameniomba nisifanye hivyo kwa ajili ya heshima ya kamati. Nimemkabidhi muhuri na ufunguo wa ofisi.

Hati yako ya treni imekwisha kutoka. Apolinaria aliifuatia pamoja na yake, nanyi mtasafiri pamoja Ijumaa tarehe 22. Dada yake Pazi, Bi. Mwanaidi, ametuma salamu kwamba chumba kiko tayari na amenunua godoro. Njoo Tabora Alhamisi. Sikuombi unisamehe. Hasira yako ni halali. Nenda nayo Dar es Salaam, ukae nayo muda wote wa mionzi, na ukirudi nayo nitaipokea. Ninachokuomba ni kupanda treni. Kama hutaki kuniona stesheni, mtume Damas aseme hivyo kwa gadi, na hati yako utaikuta mkononi mwa Pazi. Mimi nitabaki Kwihara, nisikie honi ya treni kutoka huku, nijue umekwenda.

Wifi yako anakusalimu sana. Anasema amekushonea blauzi mbili, amezijazia pamba mwenyewe, na kwamba katika hili hayuko upande wangu. Msalimie shemeji na watoto. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi kaka yako mwenye kosa,
Eustace