Kopo la Vidonge vya Presha

Jumanne, Mbinga

Eti dawa zimeshindwa kunishusha presha! Daktari leo kanitazama kwa huruma: "Baba, kweli unameza kila siku?"

"Kila siku, daktari. Mimi niliyebeba gunia la kahawa toka kijiji cha Ruanda mpaka Mbinga bila kutua, niogope kidonge?"

Akaamini. Kaniandikia dawa kali zaidi.

Ukweli ni huu: humeza siku mbili tu kabla ya kliniki, nikidhani mashine ya kupimia presha haitajua. Vidonge vingine vimejaa kwenye kopo la mbegu za maharage.

Sasa naogopa. Nikimeza hizi kali, presha inaweza kushuka mno nikaanguka. Nisipomeza... Kaka yangu alianza hivihivi, leo mkono wake umekufa.

Kesho narudi kliniki na kopo. Nitavimwaga vidonge vyote mezani kwa daktari, maana mdomo wangu siuamini.