Nafasi ya Twalibu

Jumamosi, 23 Agosti 2025
Twalibu kaondoka asubuhi, kapata kazi Dar. Nafasi yake mstari wa mbele wa dufu madrasa iko wazi! Maalim Abdulswamadu kasema Jumatano atatusikiliza dufu sisi wa nyuma, mmoja mmoja, kabla ya kwenda maulidi ya Ruaruke. Mimi miaka yote nakaa nyuma, karibu na mlango. Nyuma tunafuatisha tu. Wa mbele ndio wanaojibizana na Maalim – yeye anapiga, wao wanajibu. Naitaka hiyo. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 24 Agosti
Nafanyia mazoezi kazini, kwenye tairi la fuso. Kumbe linalia! Bosi Kibwana akasema, "We Mshamu, hilo tairi lina pancha au lina harusi?" Wateja wakacheka. Nikaacha. Alipokwenda kula nikaendelea.

Jumatatu, 25 Agosti
Mudrick, wa nyuma mwenzangu, naye anaitaka nafasi ya Twalibu. Kaitangazia Kibiti nzima, mpaka mama wa chapati anajua. Ana mikono kweli. Ila akishangiliwa anakimbiza mapigo. Mimi nimeona. Maalim sijui kama kaona.

Jumanne, 26 Agosti
Ngozi ya dufu imelegea, nikaipasha motoni. Nikazidisha – likaanza kunuka kama supu ya kwato! Mama katoka jikoni mbio: "Mwanangu, hilo la kupiga au la kula?" Alhamdulillahi halikupasuka. Sasa linalia kali, raha tupu.

Jumatano, 27 Agosti
Nimepiga.
Mudrick alitangulia. Watu wakashangilia, akakimbiza. Maalim akamwambia mashaallah.
Mimi niliangalia mkeka tu. Maalim akapiga, nikajibu. Akabadilisha ghafla, nikajibu. Akashusha, nikashusha naye. Hapo nikasahau kama kuna watu! Mara akaacha – na mimi nikaacha, palepale.
Akasema, "Haya."
Basi. Haya tu!
Halafu kasema hatamtaja mtu. Ijumaa baada ya alasiri kila mtu akae anapojiona anafaa. Atakayekaa pasipo pake, yeye Maalim atamnyanyua. Mungu wangu. Si bora angetaja tu.

Alhamisi, 28 Agosti
Sina la kuandika. Nawaza kunyanyuliwa mbele za watu.

Ijumaa, 29 Agosti
Niko madrasa, nimewahi. Hakuna mtu. Nimekaa nyuma pangu. Nimeondoka. Nimekaa mbele. Nimerudi nyuma. Nimekaa mbele.
Huku mbele mkeka mpya, unawasha miguu.
Wanaingia. Hashimu, naye wa nyuma, kaniona, kacheka, kakaa kwake.
Mudrick huyo! Kaja moja kwa moja, kanisimamia kichwani. "Oya Mshamu, umepotea njia? Sogea, bwana."
Nimemwambia, "Nimekaa, kaka. Pita nyuma."
Sauti ndogo, lakini imetoka.
Bado kasimama. Naandika haya kwenye simu, najifanya nachati nisimtazame. Maalim yuko mlangoni anavua viatu, anatuangalia sisi wawili. Kafika kiatu cha pili. Sijanyanyuka, na sinyanyuki mpaka aninyanyue yeye.