Sugie Anasema ni Marafiki Tu

Fusako, acha vyombo usome ujumbe huu.

Wifi yangu Sugie amekuja leo, akakikuta kile kitabu cha katuni cha mjukuu wangu Honami, cha wale wasichana wawili wanaopendana. Akakifungua palepale mbele ya Honami na Rinko, yule mwenzake anayekuja kula kwetu kila Jumapili.

"Marafiki tu hawa," anasema. Marafiki tu!

Honami akamwonyesha ukurasa wanaobusiana. "Na hapa, bibi?"

"Wanafarijiana. Hata sisi shuleni tulikuwa hivyohivyo. Tukaolewa, yakaisha."

"Na hapa wamehamia nyumba moja?"

"Kodi zimepanda, mjukuu wangu."

Kodi, Fusako! Nilijikaza nisicheke, maana Honami alikuwa amekauka kama ubao. Akasema polepole, "Mimi na Rinko ndivyo tulivyo. Kama hao." Na alikuwa ananitazama mimi, si Sugie.

Nikamshika Rinko mkono, nikampeleka mbele ya madhabahu ya nyumbani yenye picha ya marehemu mume wangu, nikampa kijiti cha udi akiwashe. Unajua kwetu pale hupelekwa mchumba, si mgeni. Nikasema, "Mzee, huyu ndiye mwenza wa Honami. Mpokee."

Honami akalia. Rinko akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Na Sugie? Anafuta machozi huku akininong'oneza, "Kumbe siku hizi hata marafiki wanatambulishwa kwa marehemu? Vizuri sana."