Dude la Kariandusi Lisilo na Mabawa

Gachanja, wacha kila kitu usome hii. Shangazi amenisimulia sasa hivi yaliyompata guka Kahiga, babu yetu, mwaka wa 1956, kule Kariandusi.

Dude kubwa kama ghala lilikuwa likielea juu ya zizi lake. Bila mabawa!

"Linakaaje juu?" jirani yake Ndung'u akauliza.

"Ni hewa," Kahiga akasema. "Kama ng'ombe aliyefura. Chakula kinaoza tumboni, linapanda."

"Na mbona linashuka? Linakufa?" Ndung'u akacheka.

Linashuka! Kahiga akamkemea. "Hewa imeisha, mjinga wewe. Lina njaa."

Mkewe Wawira alikuwa zizini akikamua. Kahiga akafungua lango, akawafukuza ng'ombe nje ili dude liwafuate.

Halikuwafuata, Gachanja. Hata mmoja. Lilishukia zizini, alikobaki Wawira.