Maksai Wako na Studio Yangu

Singida Mjini,
9 Julai 2005

Dada Aneth,

Shikamoo. Huku hatujambo. Alizeti tumeshavuna, na mwanangu Faith ameota jino la kwanza.

Dada, ulipouza maksai wako ili studio yangu iachane na filamu na kuingia dijitali, nilikuandikia kwamba mashine zinafanya kazi vizuri. Nilikudanganya. Kompyuta na printa zilikaa miezi minne zimefunikwa shuka. Nimesafisha picha za filamu miaka ishirini, nikaona aibu kuanza upya kama mwanafunzi, huku wateja wakihamia kwa Alute, mwenye studio ya jirani.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Sepuka, Mama Laurian. Mwanawe Laurian amefariki, na picha pekee aliyobaki nayo ni ya darasa zima. Uso wa Laurian ni mdogo kama punje ya mtama.

"Naomba unitolee huyu peke yake," alisema.

Negativu, yaani filamu iliyosafishiwa picha hiyo, haikuwepo, kwa hiyo ujuzi wangu wa zamani usingesaidia. Nilikwenda kwa Alute nikamwambia, "Sijui kuitumia kompyuta yangu. Nifundishe." Hakunicheka. Alifunga studio yake akaja, tukaiingiza ile picha kwenye kompyuta, tukaukuza uso mpaka ukajaa karatasi.

Mama Laurian aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe ulikuwa unacheka, mwanangu," alisema.

Nisamehe, dada. Shuka nimeirudisha kitandani.

Ni mimi mdogo wako,
Gerald