Dada Sidi, Zile Sanamu Zilikuwa Zangu

Dada Sidi,

Krismasi imepita bila wewe. Nyumba niliipaka chokaa peke yangu, mapazia nikafua peke yangu, na mahamri ya mwaka huu yalikuwa magumu kwa sababu aliyejua kukanda unga ni wewe. Nilidhani nitakuandikia hayo tu. Ningelia, nikunje karatasi, basi.

Lakini umenifanyia nini, dada?

Unakumbuka Desemba zetu? Vikopo vya rangi naviweka kando ya jiko. Nachora joho la Maria, nakoroga mchuzi, narudi kwenye nyusi za Yusufu. Sanamu zenyewe vidude vidogo, nyingine hazizidi kidole gumba, udongo nimeutoa mtoni mwenyewe. Baba Karisa akinuna, "Watoto watakula rangi Krismasi hii?", ni wewe uliyenitetea: "Shemeji, mwache. Huo ndio mkono aliopewa." Kisha unashika mwiko wewe ili nimalize. Sikukuu ikikaribia unazipanga kikapuni, unazifunika kwa nyasi kavu, unazipeleka kanisani kwenu Garsen, kwa kuwa mimi siwezi kuacha watoto na vyungu. Ukirudi nakuuliza walisemaje. "Wamezipenda mno. Wanakusalimu."

Wanakusalimu!

Juma moja kabla ya sikukuu, akina mama wa kanisa lenu walikuja. Nilikuwa nakuna nazi. Nikajua wamekuja kunipa pole, nikatandika mkeka. Mama Kazungu, kiongozi wao, akaniambia kwa upole, "Tumekuja kuomba burashi za marehemu. Labda tutapata mtu wa kujaribu, ingawa mkono kama wake hatutaupata."

Nikasema burashi ni zangu. Wakatazamana. Ndipo akanieleza, bila kujua ananichoma, jinsi ulivyokuwa ukisimamishwa mbele kila Krismasi ukapigiwa makofi. Mwaka juzi walikuvika leso, ile ya buluu yenye michoro ya korosho. Dada, uliivaa hapa kwangu. Ukaniambia umeinunua Hola, na mimi nikakusifu ilivyokupendeza.

Niliwaambia ukweli. Mmoja akanikemea, "Mwenzio amelala, usimchafue." Nikaingia ndani, nikatoa mamajusi niliowaacha dirishani wakauke, bado hawana macho. Nikaketi mkekani, mikono yangu bado ina nazi, nikawatia macho mbele yao, mmoja baada ya mwingine. Mama Kazungu akasema, "Kumbe," kisha akalia. Sijui alimlilia nani kati yetu.

Siku ya Krismasi nilizipeleka sanamu kanisani mwenyewe. Baba Karisa alibaki na sufuria ya pilau, akaiunguza kidogo. Pasta akataja jina langu, watu wakapiga makofi. Nilidhani nitafurahi. Nilisimama pale nikiutafuta uso wako, nikuone ukiaibika, na uso wako haukuwepo. Uchungu ukanirudia kama siku ile tuliyokuzika.

Ungeniomba, ningekupa. Ungesema tu, "Kadzo, na mimi natamani kupigiwa makofi," tungesimama pale wawili. Kwani bila wewe kunishikia ule mwiko ningezimaliza lini? Hilo nalo ni kweli, na ndilo linaloniuma zaidi.

Nitakuja kupalilia kaburi lako mvua zikianza. Sitakusema vibaya kwa mtu. Ila wakiniuliza nani alizichora, sitakufichia.

Lala, dada. Nimekuandikia nikiwa bado na hasira. Siku nitakapokusamehe sitaandika. Nitakuja hapo kaburini pako, nikuambie kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Kadzo