Udongo Nilioutafuna kwenye Msikiti wa Waajemi

Zuhura, mjukuu wangu,

Mwaka na miezi minne hujatia mguu kwangu. Kutoka Al Qusais mpaka Bur Dubai ni basi moja na abra moja, ile mashua ya kuvukia hori, na miguu unayo, nimeikanda mwenyewe kwa mafuta ya nazi ulipokuwa mchanga. Simu unapiga siku ya Iddi tu. Unauliza, "Bibi hujambo?" nakujibu sijambo, kisha tunaagana kama watu waliokutana ndani ya lifti. Huo si uungwana. Utasema aliyekosa ni mie, na ndiye anayepaswa kwenda. Haya, kaa basi unisikilize. Skuli sikwenda, kalamu ameishika jirani yangu Mwanaidi wa Mombasa, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyapamba. Na nataka barua hii isomwe na kila mwenye macho, kwa sababu maneno niliyokutupia niliyasema mbele za watu. Siwezi kukutukana sebuleni halafu nikutake radhi chumbani.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka sita? Tulikuwa tukitoka madukani kununua vitambaa, mie nimekushika mkono, na kila tukifika kwenye msikiti wa Waajemi unanikwamia kama mbuzi. Ukuta wote vigae, buluu juu ya buluu, maua ya manjano na kijani yamejipinda ndani yake, na juu kabisa aya za Mungu kwa herufi nyeupe. Ulikuwa unaweka kiganja chako pale ukutani, unatembea nacho. Siku moja ukaniambia, "Bibi, kila ua la huku lina mwenzake kule. Nimetafuta lisilo na mwenzake, sikuliona." Ungemsikia mtu mzima akisema hivyo ungemwita mwanachuoni. Mie nilikuvuta tu. Nikakwambia twende, si kwetu hapo.

Kisha njia nzima nakusimulia kwetu. Msikiti wa Kizimkazi kule Zanzibar, nilikozaliwa. Nikakwambia kwa nje hakuna la kutazama, kuta na bati, mgeni anaweza kuupita akadhani ghala. Lakini ndani, Zuhura, mihrabu imechongwa kwa jiwe la matumbawe, na pembeni yake maandishi ya zamani yamesukwa kama ukili, herufi inaingia chini ya mwenziwe inatokea juu. Maalimu wetu mwenyewe alikuwa hawezi kuyasoma yote. Waliosoma walisema yanataja mwaka wa mia tano wa Hijra. Na kila nikimaliza, nakupiga kifuani kwa kidole: walioujenga walitoka Shirazi kwa Waajemi, na sisi ni damu yao, usikubali mtu akwambie vingine.

Ukayashika maneno yangu. Ukakua nayo. Halafu ukanirudishia.

Siku uliyomleta Mehdi aje kukuposa, sebule imejaa mashangazi zako, nikamuuliza kijana wa nani. Akasema babu yake alitoka Shirazi akafungua duka la vitambaa hapahapa Bur Dubai. Nikauliza wanasali wapi. Akautaja msikiti ule ule. Nikaweka kikombe chini. Nikasema hatuozi Shia nyumba hii, khalas. Na wewe, mtoto mwenye ulimi wangu, ukasema:

"Bibi, miaka yote unaniambia sisi Washirazi. Nimekuletea Mshirazi wa kweli, mbona unamfukuza?"

Mashangazi wakacheka. Mmoja akafunika uso kwa buibui, mabega yanamtikisika. Na mtu akichekwa huokota jiwe. Nikakwambia ukiolewa kule usirudi hata kunizika.

Ukaolewa. Sikuja. Siku ile nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Sasa nikwambie lile ambalo sikumwambia mtu. Si kwamba nilimchukia kijana. Niliogopa. Mie nimekulea tangu mama yako alipofariki, na kila nikiinua mikono naomba kitu kimoja, tukutane sote kesho akhera, mie, mama yako na wewe. Nikaona umeshika njia nyingine, na mie njia ile siijui. Nikajiuliza nitampata wapi mtoto huyu. Nikawa nalala na swali hilo na kuamka nalo.

Mwezi uliopita, jua la Agosti limesimama utosini, nikatoka kwenye abra na mfuko wa mboga. Nilipofika ukuta wa buluu kiza kikanijia machoni. Unaijua sukari yangu. Nikaegemea vigae. Mwanamke mmoja wa Kiajemi akanidaka mkono, akanipitisha mlango wa wanawake, akanikalisha, akaniletea maji na tende. Kwa Kiarabu changu cha sokoni nikamwambia ahsante, naondoka sasa hivi. Akaniambia kaa, umekuwa mweupe kama karatasi. Mie, mweupe. Nikakaa.

Macho yakarudi, nikatazama. Zuhura, nimeishi mtaa huu miaka ishirini na saba sikuwahi kuona ndani. Juu ya mihrabu yao dari imechongwa vyumba vidogo vidogo, kimoja juu ya kingine, kama sega la nyuki, na kila kimoja kimevaa kigae chake. Ubaridi unashuka kutoka huko. Pembeni yangu, karibu na viatu, pana kikapu kimejaa vidonge vya udongo, vya mviringo, vikavu, rangi ya biskuti. Harufu yake ikanipiga. Nilipokuwa na mimba ya mama yako nilikula udongo wa kuoka kutwa, wanawake wote wa kwetu wanakula, na mpaka leo nikiuona mate yananitoka. Nikasema hawa watu waungwana kweli, wamewawekea wenye mimba. Nikachukua kimoja, nikasema Bismillahi, nikang'ata.

Msikiti mzima ukanigeukia.

Nikaendelea kutafuna maana nilikuwa nimeshaanza. Yule mwanamke wa tende kajishika mdomo. Kumbe ni udongo wanaowekea paji la uso wakisujudu, udongo wanaouheshimu. Nilipoelewa nilitaka ardhi inimeze pamoja na kidonge changu. Nikaanza kulia na kutaka radhi, unga umejaa kwenye meno. Basi kikongwe mmoja, mzee kunipita mie, akaja kwa mkongojo, akanifuta mdomo kwa shungi lake. Akasema hata kwao, mtu akiugua, hulambishwa chembe ya udongo mtakatifu kutafuta shifaa. "Ila wewe, mama, umetafuta shifaa ya mwaka mzima." Wakaangua kicheko, na mie nikacheka nao, sukari imepanda au imeshuka sijui.

Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Zanzibar, nikaongeza kwa mazoea, ni Mshirazi. Akageuka kuwaambia wenzake. Wakanishika mabega kama niliyerudi safari. Akaniuliza kama nina watu hapa mjini. Ndipo nikasikia mdomo wangu unasema, "Mjukuu wangu ameolewa kwenu."

Nililisema kwa fahari, Zuhura. Sikujua kama lipo hivyo ndani yangu.

Wakasimama kusali adhuhuri. Mie nikakaa nyuma nikiwatazama. Mikono wameiachia chini, sisi twaifunga kifuani. Lakini uso wao umeelekea pale pale ninapoelekea mie, na kikongwe aliye mbele yangu, akivuta Alhamdu kwa mnong'ono, ilikuwa ni ile ile niliyokufundisha wewe ukiwa mapajani. Neno kwa neno. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana mwaka na zaidi. Nikajisemea, mpumbavu weye, mtoto hakwenda mbali.

Tangu siku ile nalala usingizi wa watu. Sikuulizi unasali vipi. Hilo lako na Mola wako. Lile neno la kuzikwa nalifuta, mbele ya Mwanaidi na mbele ya wote wanaosoma. Nikifa, uwe wa kwanza kufika, na ulie kwa sauti, usinionee haya.

Lakini sijafa, nina njaa ya kukuona. Mje Ijumaa hii, wewe na mumeo. Yeye asali kwao, mie nisali kwetu, kisha muje moja kwa moja, mlango utakuwa wazi. Sinia litakuwa moja. Wewe kaa unapotaka. Mehdi mwambie akae ubavuni kwangu, nitammegea nyama kwa mkono wangu.

Bibi yako, aliyemzaa mama yako